Walikuwa Wanaelekea Wapi

Edinah alijiona ukutani kabla hajafika nyumbani. Alikuwa ametoka hospitalini asubuhi hiyo pamoja na mama yake, Nekesa, na gari la jirani lilipopunguza mwendo kwenye makutano ya Kanduyi, mama akamgusa goti akamwambia atazame upande ule. Ukuta mzima wa ghala la mahindi ulikuwa umepakwa rangi mpya. Msichana mwenye jezi ya kijani alikuwa ameinama juu ya baiskeli, uso umekunjamana kwa uchungu. Nyuma yake msichana wa jezi ya manjano alikuwa amenyoosha mkono, vidole vimemkamata mwenzake mgongoni. Nyuma yao wote wawili kulikuwa na jukwaa la uwanja, limejaa watu waliofungua midomo. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu, iliandikwa: EDINAH, WALIKUSUKUMA LAKINI SISI TUNAKUJUA.

"Ni mjomba wako," Nekesa alisema. "Tangu ulazwe hajafanya kazi nyingine. Kila mtu anasema ni wewe kabisa."

Ni kweli, sura ilikuwa yake. Hata pengo la meno ya mbele mjomba Jairus alikuwa amelikumbuka. Edinah alijitambua vizuri sana, ila tukio lenyewe hakulitambua hata kidogo. Alilitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi na kuambiwa ilikuwa yake.

Alichokumbuka kilikuwa hiki. Baridi ya Kitale asubuhi, wanawake wamejipanga na baiskeli zao za mbio, mchungaji anaombea magurudumu, mafundi wanakagua breki kwa mara ya mwisho. Yalikuwa mashindano ya wanawake ya kutoka Kitale hadi Bungoma, na watu walikuwa wamejaa kandokando ya barabara tangu mjini. Alikumbuka Kiminini, ambako watoto wa shule walipiga masufuria. Alikumbuka Kamukuywa, na jinsi kundi lilivyokatika hadi wakabaki wawili mbele, yeye na Rosaline wa Kitale, binti ya Gathii muuza vipuri. Alikumbuka pumzi ya Rosaline nyuma yake. Kisha lori lililobeba miwa. Kisha muuguzi akimuuliza jina lake na yeye akishindwa kujua kwa nini mtu anataka kulijua.

Kati ya lori na muuguzi hapakuwa na kitu. Daktari alimwambia kichwa kikigongwa hivyo, saa nyingine kile kipande hakirudi tena, na asijilazimishe.

Lakini hakuhitaji kujilazimisha, kwa sababu watu wengine walikuwa wamemkumbukia. Waliokuja kumpa pole walikuja na simu mkononi, na ndani ya kila simu mlikuwa na picha ileile. Mpita njia fulani aliipiga karibu na Misikhu. Edinah wa jezi ya kijani, Rosaline wa jezi ya manjano, na mkono wa Rosaline umeshika jezi ya Edinah. Jairus alikuwa ameinakili mkono kwa mkono, ila yeye aliwahamisha hadi uwanja wa Kanduyi, mwisho wa mbio, kwa maana ndiko Edinah angefika kama dunia ingekuwa na haki.

"Ona vile amekushika," shangazi mmoja alisema. "Mtu anakushika hivyo akitaka nini?"

"Si kukuangusha, bana," mwingine akajibu, na wote wakamtazama Edinah waone kama ataongeza.

Wamalwa, mzee anayepiga nyuzi za litungu kwenye harambee na mazishi, ambaye siku ya mashindano alikuwa amekaa Kanduyi tayari kumsifu mshindi, alikuwa ametunga wimbo. Uliimbwa kwenye redio. Ulisema msichana wa Bumula, kwao Edinah, aliruka kama kwale, mkono wa Kitale ukamvuta chini. Mtangazaji alifika hadi nyumbani, akaweka kifaa chake mezani kando ya kikombe cha chai, akauliza, "Edinah, alikusukuma?"

"Picha inaonyesha mkono wake," Edinah alisema.

Kwake hilo halikuwa ndiyo. Kilikuwa tu kile alichokuwa amekiona kwenye simu kama watu wengine wote. Lakini jioni, redio ilipotangaza kwamba Edinah mwenyewe amethibitisha, Nekesa aliinua mikono kushukuru, na Edinah akajiuliza kama labda alikuwa amethibitisha kweli bila kujisikia. Siku hizo hakuwa na imani sana na kichwa chake. Angeweza kuingia jikoni na kusimama mbele ya jiko asijue amefuata nini.

Mambo yakazidi kwenda mbele bila yeye. Vijana wa boda wa Kanduyi waliapa kwamba mwendesha baiskeli wa Kitale asikanyage tena barabara yao. Wengine walisema maneno mabaya zaidi, ya nani alitoka wapi na nani ni mgeni kwenye ardhi ya nani, maneno ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na baiskeli. Ikasikika kwamba klabu ya Rosaline imemwambia akae kando kwanza. Ikasikika amefunga simu.

Edinah alikuwa anamjua Rosaline kwa jinsi washindani wanavyojuana. Hawakuwa marafiki. Walikuwa wanasalimiana kabla ya mbio na kupeana maji baada ya mbio, basi. Alijaribu kumchukia. Ilikuwa rahisi akiwa na watu na ngumu akiwa peke yake.

Kisha ndoto ikaanza. Aliota anaanguka, na ilikuwa wazi mno kiasi kwamba aliamka jasho linamtoka, akashukuru, akidhani kipande kilichopotea kimerudi. Mkono mgongoni, jezi inavutwa, baiskeli inayumba, watu jukwaani wanapiga kelele. Alimwambia mama yake, na mama akawaambia majirani, na majirani wakasema sasa mambo yamekwisha, amekumbuka.

Ni wakati wa kumenya viazi, mchana, ndipo kisu kilipomsimama mkononi. Jukwaani. Alikuwa ameanguka karibu na Misikhu, mbali sana na Kanduyi, mahali palipo na mashamba ya mahindi pande zote. Pale hapakuwa na jukwaa. Alichokiota kilikuwa ukuta wa mjomba wake.

Alikaa pale na kiazi kimoja mkononi. Kama hicho hakikuwa chake, je, mkono ulikuwa wake? Maumivu? Lori la miwa? Aliogopa kuendelea kuhesabu.

"Nataka kwenda Kitale," alimwambia mama yake.

"Kufanya?"

"Kumuuliza Rosaline."

Nekesa aliweka sufuria chini taratibu. "Edinah, mwanangu. Kichwa chako hakijapona. Hiyo baisikeri ilikaribia kukuua na huyo msichana akasaidia. Sasa wewe ndiye unaenda kwake? Atakuambia nini isipokuwa urongo?"

"Hata kama ni uongo, mama, angalau utakuwa wake. Hizi zote nilizo nazo ni za watu."

Mama hakuelewa, na Edinah mwenyewe hakuwa na hakika ameelewa alichosema. Aliondoka kesho yake.

Kibanda cha Gathii kilikuwa upande wa sokoni, kwenye barabara inayoshuka kuelekea Kipsongo. Matairi yalining'inia mlangoni kama mikungu ya ndizi, na ndani, juu ya kaunta, kulikuwa na picha za Rosaline akiwa na medali. Gathii alimtambua Edinah kabla hajasalimu. Alikuwa anakaza spoki, na hakuacha kukaza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini tena? Jina lake ulishachukua."

Edinah alibaki amesimama mlangoni. Gathii alizungusha gurudumu, akalitazama likizunguka hadi likatulia lenyewe, kisha akaita kwa nyuma. Rosaline akatokea akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Alikuwa amekonda.

"Sasa," Rosaline alisema.

"Poa. Rosaline, mimi sikumbuki kitu. Watu wanasema vile wanasema, lakini mimi sina kitu hapa ndani. Niambie wewe."

"Si ulisema kwa redio nilikusukuma."

"Nilisema picha inaonyesha mkono."

Rosaline alimtazama kana kwamba anapima iwapo huu ni mchezo. Halafu akavuta vibao viwili vya kukalia, wakakaa mlangoni chini ya matairi.

"Ulianguka peke yako," alisema. "Lile lori la miwa lilikuwa linaangusha miwa barabarani. Wewe ulikuwa mbele, ukakanyaga moja. Ukaruka, ukaangukia kichwa. Nilisimama. Kabla sijafika, wewe ukaamka, ukachukua baiskeli, ukapanda. Nikasema, huyu yuko sawa. Mimi nikaendelea. Sitakudanganya, nilifurahi kidogo, kwa sababu nilijua sasa nitafika mbele."

"Halafu?"

"Nikageuka nione nimekuacha umbali gani. Nikaona mgongo wako."

"Mgongo aje?"

"Mgongo, Edinah. Ulikuwa unarudi Kitale."

Edinah alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Gathii ndani akaacha kukaza spoki.

"Nilikuita," Rosaline aliendelea. "Nikakufuata nikikuita. Wewe ukisikia jina lako ndiyo unaongeza mwendo. Nafikiri uliona niko nyuma yako, ukadhani bado tunashindana. Sijawahi kukuona ukiendesha hivyo. Nilikaribia kukukosa. Na magari yalikuwa yanakuja yakitukabili, kwa sababu wewe ulikuwa upande wao. Ndio nikakushika jezi. Nilikushika nikavuta breki, tukaenda hivyo mpaka tukaingia kwa nyasi. Na unajua uliniambia nini?"

"Sijui."

"Uliniambia, 'Leo nimekushinda.'"

Mtu alikuja kununua valvu, Gathii akamhudumia, mtu akaondoka.

"Na nani alishinda?" Edinah aliuliza. Ndipo alipogundua kwamba tangu azinduke hakuwahi kuuliza, na hakuna aliyemwambia.

"Mary Ann. Alitupita tukiwa kwa nyasi. Hakutuona vizuri, alifikiri tumepumzika. Alifika Kanduyi peke yake, watu wakamuuliza wewe uko wapi."

"Kwa nini hukusema haya yote?"

"Nilisema. Niliambia klabu, baba aliambia wale waandalizi. Sasa wewe fikiria, mtu amekuja kwako na picha kama ile, halafu mwingine anakuja na hadithi ya mtu aliyekimbia mbio akirudi nyuma. Utaamini gani?"

Edinah hakuwa amemwamini bado, na Rosaline aliliona hilo usoni mwake.

"Na ulirudi kwa nini?" Edinah aliuliza. "Ulikuwa umeshashinda. Ungeambia tu polisi wa barabarani."

"Hiyo usiniulize," Rosaline alisema. "Kila siku najiuliza hiyo. Kuna siku nasema nilifanya vizuri na kuna siku nasema nilikuwa mjinga. Sijui."

Wakati wa kurudi, Edinah aliteremka Misikhu badala ya kuendelea hadi Bungoma. Alitembea kando ya lami huku simu ikiwa mkononi, picha imefunguliwa. Alitafuta mti uliokuwa kwenye picha, mkaratusi wenye tawi lililovunjika, akaupata ng'ambo ya barabara, mahali palipo na mama anayechoma mahindi. Akasimama pale ambapo mpiga picha alisimama. Mbele yake kulikuwa na lami, kisha mti, na mbali nyuma ya mti Mlima Elgon umekaa ndani ya mawingu yake, kama ulivyokaa kwenye picha, hafifu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haja ya kuutazama.

Aliangalia picha. Baiskeli zote mbili zilikuwa zinaelekea mkono wa kulia.

Aliinua macho. Ukiukabili mlima pale, Bungoma iko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ni Kitale.

Alilirudia jambo hilo mara kadhaa, akigeuza simu, akigeuka yeye mwenyewe, akinyoosha mkono huu na ule, mpaka mama wa mahindi akamwita kutoka ng'ambo.

"Wewe ni yule msichana wa baiskeli? Umepona?"

Edinah alivuka. "Mama, uliniona siku ile?"

"Nilikuona. Ulisimama hapa damu inatoka kwa sikio, ukaniuliza Bungoma ni wapi. Nikakuonyesha. Ukasema asante, ukaenda kule kwingine." Mama aligeuza hindi kwenye makaa. "Nilidhani mimi ndiye nimekosea. Nilikaa hapa siku nzima nikijiuliza kama Bungoma imehama."

"Na hukuambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Walikuja watu wengi kuangalia mahali, lakini wote walikuwa wanajua tayari."

Jairus alikuwa nyumbani kwake akipaka rangi madigadi za baiskeli, vile vibati vya kukinga matope, kazi aliyoianza tangu ujana wake, wakati boda zote za Bungoma zilikuwa za kukanyagwa na kila mwenyewe alitaka simba au aya ya Biblia nyuma ya gurudumu. Alimsikiliza Edinah hadi mwisho bila kuinua brashi kutoka kwenye kopo. Aliangalia picha kwenye simu. Aliigeuza kama Edinah alivyoigeuza.

"Mimi niliangalia mkono tu," alisema hatimaye. "Uchungu ulikuwa mwingi. Niliangalia mkono, nikaangalia uso wako. Mlima sikuuona."

"Hakuna aliyeuona, mjomba."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Ubadilishe ukuta."

Jairus alikoroga rangi kwenye kopo. Edinah alijua anachokifikiria. Watu walikuwa wanasimama kupiga picha pale. Wenye magari walikuwa wanapunguza mwendo. Katika miaka yote ya simba na mistari ya Biblia, hakuna kazi yake iliyowahi kutazamwa hivyo.

"Ulikuwa umelala kule hospitali huongei," alisema, "na mimi sina kitu cha kupigana nacho. Sina gari, sina wakili. Nina brashi. Nilikupigania na brashi, mwanangu. Kumbe nilikuwa napiga mtu aliyekusaidia."

"Hukujua."

"Ndiyo. Sikujua, na niliandika kwa herufi kubwa."

Siku iliyofuata walienda pamoja. Jairus alifunika kwanza maneno, kisha jukwaa, watu wote na midomo yao wakazama ndani ya rangi nyeupe. Vijana wa boda walikusanyika. Mmoja aliuliza kama Edinah amelipwa na watu wa Kitale. Edinah alieleza. Alieleza tena. Kila alipofika mahali pa kugeuka, uso wa msikilizaji ulipotea.

"Ati ulikuwa unarudi? Kwa nini?"

"Sijui. Nilikuwa nimegonga kichwa."

"Na yeye akakufuata? Si angeshinda?"

"Angeshinda."

"Haiingii akilini," kijana alisema, na Edinah akakubali kwamba haiingii. Wengine waliondoka wakitikisa vichwa, wakisema msichana huyu bado hajapona. Mzee Wamalwa alikuja na fimbo yake, akasikiliza, akasema wimbo uliokwisha kutoka hawezi kuurudisha tumboni, ila anaweza kuuongezea ubeti. Ubeti huo alipouimba redioni wiki hiyo, ulisema mkono wa Kitale ulimvuta na pia ulimwokoa, na waliopiga simu studioni walibishana kama ni mikono miwili au mmoja.

Nekesa, bila kuambiwa, alimtumia mama yake Rosaline gunia la maharagwe kupitia dereva anayemjua, na hakutaka kuulizwa habari zake.

Rosaline alikuja Jumamosi, na baiskeli yake. Alikuja akiwa na wasiwasi, kofia ameivuta chini, na Edinah alimngojea Kanduyi ili wasimwone akiingia peke yake. Waliposalimiana hawakujua kama wakumbatiane. Wakashikana mikono kama wanaume kanisani. Kijana mmoja wa boda alipiga honi mara moja, na haikujulikana alimaanisha nini.

Ukuta ulikuwa umekaribia kukamilika. Mlima ulikuwepo, na mkaratusi, na Jairus alikuwa amewaelekeza wote wawili mkono wa kulia, upande wa Kitale. Sehemu iliyobaki ilikuwa uso wa Edinah, ambao alikuwa ameupaka upya na bado una michoro ya chaki. Alishuka kwenye ngazi, akamsalimia Rosaline kwa mikono miwili, akamwomba atazame kazi aseme kama iko sawa.

Rosaline alisogea ukutani. "Mimi umenipa pua kubwa," alisema.

"Nitairekebisha."

"Na yeye hakuwa hivyo. Hapo umemwinamisha, uso umeumia. Alikuwa amenyooka. Alikuwa anacheka."

"Nilikuwa nacheka?" Edinah aliuliza.

"Sana. Kama mtu amefurahi kabisa. Hiyo ndiyo iliniogopesha."

Edinah aliutazama uso wake wa chaki. Alitafuta ndani yake kicheko hicho, akatafuta upepo, mteremko, furaha ya mtu aliyewaacha wote nyuma, na hakukuta hata kivuli chake. Jairus alipanda tena ngazi, akachovya brashi, akageuka kumtazama mpwa wake.

"Sasa nipake vipi? Unalia au unacheka?"

"Muulize yeye, mjomba," Edinah alisema. "Mimi sikuwepo."